Ng'ombe Akifa Ghafla, Taarifa Ianzie Zizini



Tuseme umeamka asubuhi na kumkuta dume lako limekufa. Jana jioni lilirudi na wenzake likiwa zima. Leo tumbo limevimba, miguu imekakamaa lakini si sana, na puani inatoka damu nyeusi isiyoganda. Majirani wawili wameshafika na visu. Nyama ina bei, ngozi ina mnunuzi, na nyumbani kuna watoto wanaosubiri kula. Una kama nusu saa ya kuamua.

Kipeperushi hiki ni kwa ajili ya hiyo nusu saa, na kwa ajili ya siku zinazofuata. Kimeandikwa kwa wafugaji wa Musoma, Bunda na Butiama, na kwa familia zao, maana mara nyingi mama ndiye anayekamua, kijana ndiye anayechunga, na mtoto ndiye wa kwanza kuona kwamba ndama hanyonyi.

Ugonjwa unaolingana na dalili hizo ni kimeta. Usimpasue. Akiwa hajafunguliwa, vimelea vingi vya kimeta vilivyo ndani ya mzoga hufa mzoga unapooza. Ukimchana, damu hukutana na hewa na vimelea hujifunika ganda gumu. Vikishajifunika hukaa kwenye udongo miaka mingi, hata miongo, vikisubiri ng'ombe mwingine aje kung'oa majani mafupi wakati wa ukame au baada ya mvua za kwanza. Kumpikia mtu nyama hiyo mpaka iive sana hakumwondolei hatari, kwa sababu ganda hilo huvumilia moto wa jikoni. Na anayechuna ndiye anayeumia kwanza. Huota kipele kinachowasha, kisha kidonda chenye kigaga cheusi ambacho, cha ajabu, hakiumi. Watu wengi hukipuuza kwa sababu hiyo hiyo. Anayekula nyama anaweza kuugua tumbo na kufa. Kwa mtu, kimeta hutibika kwa dawa akiwahi zahanati na akasema ukweli kuhusu mzoga alioushika.

Kwa hiyo waambie majirani wasubiri. Funika mzoga kwa matawi ya miiba ili mbwa na fisi wasifike, fukuza watoto, peleka kundi malisho mengine, na mpigie afisa mifugo wa kata. Kama simu yake haipatikani, nenda kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Afisa akija atachukua tone la damu sikioni na kulipaka kwenye kioo. Hahitaji kumfungua mnyama. Baada ya hapo mzoga huzikwa shimo la kina cha mita mbili hivi, au huchomwa mpaka uwe majivu. Kwa wanaoishi karibu na hifadhi, kama upande wa Hunyari na Kunzugu, shimo fupi ni kazi bure, kwani fisi atalifukua usiku huo huo.

Tone la damu linakwenda wapi

Wafugaji wengi huuliza swali hili kwa kukereka, na wana haki. Afisa alikuja, akachoma sindano, akaandika kwenye karatasi, akaondoka na pikipiki. Halafu kimya.

Safari ya sampuli ni hii. Afisa wa kata humpa taarifa daktari wa mifugo wa halmashauri. Sampuli huwekwa kwenye kisanduku chenye barafu na kupelekwa maabara. Kwa mkoa wa Mara maabara iliyo jirani ni ile ya Kanda ya Ziwa iliyopo Mwanza, ambayo ni tawi la Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, wenye makao makuu Temeke, Dar es Salaam. Ikihitajika kupima zaidi, sampuli huenda Temeke, au Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, au hata nje ya nchi. Wizara ya Mifugo na Uvuvi hupata taarifa, na ugonjwa ukiwa wa kuambukiza watu, Wizara ya Afya nayo huarifiwa. Tangu 2018 kuna pia Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambalo kazi yake ni kuwakalisha meza moja daktari wa watu, daktari wa mifugo na mtu wa wanyamapori. Zamani kila mmoja alikuwa na faili lake.

Kila hatua kwenye njia hiyo inaweza kukatika. Pikipiki ikikosa mafuta, sampuli huharibika. Barafu ikiyeyuka, damu huoza. Kemikali za kupimia zikiisha, damu hukaa kwenye jokofu. Watu wanaposema Afrika inahitaji kujenga uwezo wa utafiti na ufuatiliaji wa magonjwa, wanazungumzia mambo madogo kama hayo: jokofu, mafuta, fundi wa maabara aliyesomeshwa na kulipwa, na mtu wa kupiga simu ya majibu. Lakini hatua ya kwanza kabisa haiko Mwanza wala Dar es Salaam. Ni wewe. Maabara haiwezi kupima ng'ombe ambaye hakuna aliyesema amekufa.

Wafugaji waliona kabla

Hapa kuna jambo la kweli lililotokea, na linafaa lisimuliwe mnadani.

Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Huenezwa na mbu baada ya mvua kubwa za mafuriko. Mbuzi, kondoo na ng'ombe hutupa mimba karibu wote kwa pamoja, na vitoto vichanga hufa. Mtu huambukizwa kwa mbu, na zaidi kwa kushika damu, kondo la nyuma na mimba iliyotoka.

Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha kaskazini mashariki mwa Kenya. Ugonjwa ukalipuka, na mapema 2007 ukawa umeingia Tanzania, ukapiga sana Dodoma na Morogoro, ukifika pia Arusha na Manyara. Nchini kwetu pekee zaidi ya watu 100 walikufa. Baadaye watafiti walirudi kuwauliza wafugaji wa Kisomali wa upande wa Kenya mambo yalikwendaje. Wafugaji wakaeleza kwa mpangilio: mvua, kisha makundi ya mbu wasiyoyaona kwa miaka, kisha mimba kutoka, kisha watu kuugua. Walikuwa wameutambua ugonjwa na walikuwa na jina lake. Hatua za idara za mifugo na afya zilikuja wiki kadhaa baadaye.

Wiki kadhaa! Mfugaji asiyesoma kitabu alikuwa na jibu ambalo maabara ilikuja kulithibitisha baadaye. Kilichokosekana ni njia ya kulifikisha neno lake kwa mwenye chanjo na gari, na mtu upande wa pili wa kuliamini.

Tangu wakati huo njia zimeongezeka. Wataalamu wa SACIDS, kituo cha ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, walitengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData. Wanakijiji waliofundishwa, kwa mfano Ngorongoro, waliitumia kutuma taarifa za dalili za watu na za mifugo wakiwa huko huko kijijini. Maafisa mifugo nao wana programu ya EMA-i ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambayo hutuma taarifa ya ugonjwa pamoja na mahali ulipo. Muulize afisa wako anatumia njia gani. Akikuambia anaandika kwenye daftari tu, basi hata daftari linafaa, mradi lifike wilayani siku hiyo.

Jifunze dalili moja ambayo haipaswi kusubiri kamwe: mbuzi au ng'ombe wengi kutupa mimba ndani ya siku chache. Inaweza kuwa Homa ya Bonde la Ufa, inaweza kuwa ugonjwa wa kutupa mimba ambao kwa watu huleta homa ya kupanda na kushuka, maumivu ya viungo na uchovu wa miezi, na mara nyingi mgonjwa hutibiwa malaria bila kupona. Usishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Kama huna glovu, mfuko wa plastiki usiotoboka ni afadhali kuliko ngozi yako. Mama mjamzito asisaidie mnyama kuzaa. Maziwa yachemshwe, hata kama bibi alikunywa mabichi miaka themanini.

Mbwa wa Serengeti, na majirani ambao hawakuchanja

Kama kuna mahali ambapo wafugaji wa Mara walichangia elimu inayotumika duniani, ni kwenye kichaa cha mbwa.

Kati ya 1996 na 2001 mbwa wa vijiji vya wilaya ya Serengeti walichanjwa kila mwaka. Watu walileta mbwa wao kwa kamba, kwa mnyororo, wengine wamebeba begani. Walifikiwa kati ya asilimia 60 na 75 hivi ya mbwa wote. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya ya pili kilikuwa kimepungua kwa asilimia 97. Watu walioumwa na mbwa waliodhaniwa kuwa na kichaa walipungua pia, lakini kwenye wilaya za jirani ambazo hazikuchanja hawakupungua. Majibu hayo yalichapishwa 2003 na yamekuwa yakitajwa na wanaopanga kampeni za chanjo katika nchi nyingi.

Tazama kilichowezesha jambo hilo. Chanjo ilikuwepo, ndiyo. Lakini bila kuhesabu mbwa, bila daftari la zahanati lenye majina ya walioumwa, na bila watu kwenda kaya kwa kaya kuuliza yule mbwa alitoka wapi na aliuma nani mwingine, hakuna ambaye angejua kwamba chanjo imefanya kazi. Ufuatiliaji wa aina hiyo wa Serengeti na Ngorongoro ndio ulioonyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa mmoja au wawili tu. Ndiyo maana ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa kijiji ugonjwa hukosa pa kwenda. Na kwa sababu watoto wa mbwa huzaliwa kila wakati, chanjo inapaswa kurudiwa kila mwaka. Watoto wa mbwa nao waletwe. Wengi huwaacha nyumbani wakidhani ni wadogo mno.

Hata simba walihusika. Mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa ugonjwa mwingine wa jamii ya mbwa, na wataalamu waliona mbwa wa vijijini kuwa chanzo chake.

Kichaa hakiishii kwa mbwa. Ng'ombe aliyeumwa huanza kulia kwa sauti iliyokatika, hutoa mate mengi, hujikamua kama anayetaka kunya, hushambulia. Wachungaji hudhani amekwamwa na mfupa au kiazi kooni, wanaingiza mkono. Usiingize mkono. Mtu akiumwa au mate yakimwingia kwenye jeraha, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 kwa saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa. Mbwa aliyemuuma, kama amekufa au ameuawa, asitupwe porini. Afisa mifugo atataka kichwa chake kipimwe.

Je, ni nyati?

Miguu na midomo kila mfugaji anaujua, na wengi huwalaumu nyati. Utafiti uliochapishwa 2018, uliofanyika kaskazini mwa Tanzania kwenye maeneo yanayozunguka Serengeti, ulipima ng'ombe wa wafugaji na nyati pia. Ulionyesha kwamba milipuko ya ng'ombe ilitokana zaidi na ng'ombe wenyewe, kwa kuhamishwa na kuchanganywa, na kwamba aina za kirusi hupita kama mawimbi, moja baada ya nyingine. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu chanjo ya aina moja haizuii aina nyingine. Ukijua wimbi lijalo ni la aina gani, unaweza kuchanja kabla.

Lakini kutambua aina hizo kulitegemea maabara ya Pirbright, Uingereza. Mate ya ng'ombe wa kwetu yanasafiri hadi ng'ambo, majibu yanarudi baada ya muda mrefu, wimbi limeshapita. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kujenga uwezo wa kupima hapa hapa. Kwamba inawezekana tumekwisha kuona: mwezi Machi 2023, watu walipokufa kwa ugonjwa usiojulikana mkoani Kagera, maabara ya taifa ndiyo iliyotambua kuwa ni Marburg. Waliougua walikuwa 9, wakafariki 6, na ilipofika tarehe 2 Juni mlipuko ulitangazwa kwisha.

Hofu ya karantini

Sasa tuseme lile ambalo husemwa pembeni. Wafugaji wengi hawatoi taarifa kwa sababu wanaogopa karantini. Mnada ukifungwa, ada ya shule haipatikani, mahindi hayanunuliwi, mahari inasubiri. Jirani anaweza kukulaumu wewe uliyepiga simu kuliko ugonjwa wenyewe. Hofu hiyo ina msingi na afisa anayeipuuza haijui kazi yake.

Pima hivi. Ugonjwa ukijulikana ukiwa kwenye zizi moja, kinachohitajika kuzuiwa ni kundi moja na majirani zake, na chanjo chache. Ukifichwa, mwenye kundi huuza haraka wanyama walio dhaifu, wanunuzi huwapandisha gari, na baada ya majuma machache ugonjwa uko kwenye minada mitatu. Hapo wilaya nzima hufungwa, pamoja na yule aliyekuwa mkweli. Homa ya mapafu ya ng'ombe huenea hasa kwa njia hiyo, kwa mnyama anayeonekana mzima ambaye bado anabeba ugonjwa.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Na. 17 ya mwaka 2003, inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa ya magonjwa haya. Tunaitaja kwa sababu ni vyema uijue. Lakini sheria pekee haikuwahi kumfanya mtu apige simu. Kinachomfanya apige ni kuona kwamba jana alipiga na mtu akaja. Kwa hiyo mkutano wa kijiji una nguvu hapa. Waiteni daktari wa mifugo wa halmashauri kabla ya ugonjwa kuja, mumwulize: tukitoa taarifa, utafunga nini, kwa siku ngapi, na majibu tutayapata kwa nani? Yaandikwe kwenye muhtasari.

Akija mtafiti

Bunda, Butiama na Musoma hupata wageni wengi wenye vibandiko na visanduku vya barafu. Wengine ni wanafunzi wa vyuo vyetu, wengine ni wa taasisi kama NIMR Mwanza inayotafiti magonjwa ya binadamu, wengine wametoka nje. Kuwakubali ni jambo jema; bila damu ya mifugo yenu hakuna kitakachojulikana. Lakini mna haki ya kuuliza, na mtafiti wa kweli hachukii kuulizwa. Barua ya utambulisho kutoka halmashauri iko wapi? Kama ni mtafiti wa kigeni, kibali cha COSTECH kiko wapi? Mnatafuta ugonjwa gani? Damu itapimiwa wapi? Mkikuta ng'ombe wangu ana ugonjwa, mtaniambia lini? Na kama mnataka damu ya mwanangu, nikikataa itakuwaje? Jibu la swali la mwisho linapaswa kuwa: haitakuwa kitu.

Mkubaliane kwamba majibu yatarudi kijijini kwa Kiswahili, mbele ya watu, hata kama majibu yenyewe ni kwamba hakuna kilichoonekana.

Kuhusu daftari

Nunua daftari moja la kurasa 48 na umpe kijana anayejua kuandika vizuri. Aandike tarehe, mnyama gani, jike au dume, wa umri gani, na namba ya hereni kama anayo, alianza kuumwa lini, dalili, wangapi wameugua na wangapi wamekufa, kundi lilinywa maji wapi na lilichanganyika na kundi la nani, kama kuna mnyama aliyenunuliwa mwezi huo na alitoka mnada gani, dawa aliyochomwa na nani aliyemchoma, kama kuna mtu nyumbani ameugua siku hizo. Kama wanyamapori wamekufa jirani, hilo nalo. Mwishoni mwa 2016, kule Selela wilayani Monduli, kimeta kiliua wanyamapori na mifugo na kuwaugua watu kwa wakati mmoja.

Aandike pia siku aliyotoa taarifa, jina la aliyeipokea, na siku aliyofika. Ukurasa wa mwisho wa daftari uwe wa namba za simu: afisa mifugo wa kata, daktari wa mifugo wa halmashauri, mtendaji wa kijiji, mganga wa zahanati. Zijazwe leo, wakati kundi ni zima na hakuna haraka.